Mkienda Fort Jesus Usiku, Ingieni Mchana Kwanza

Mdogo wangu wa Kinakomba, swali lako limenifikia. Mmetimiza miaka mitano ya ndoa, na mumeo anataka kukupeleka Mombasa mkatazame onyesho la usiku la taa na sauti ndani ya Fort Jesus, kisha mle chakula humo humo. Wewe unajiuliza kama pale panawafaa wakulima wa ndizi na maembe, au ni pa watalii tu.

Panakufaa, mwenzangu. Nenda! Ngome ile iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo ni yako pia. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, usisahau kitambulisho.

Ila nakuomba jambo moja: ingieni mchana kwanza. Taa za usiku hupendeza, lakini kuta zile zina habari nzito. Wareno walizijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani watu wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958, ndipo 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sisi majirani wa Hola, ambako mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, hatuhitaji kuelezwa jela ya mkoloni ilikuwa nini. Ukiyajua hayo kabla ya magharibi, onyesho utalielewa, na chakula utakila kwa heshima ya waliopita pale.

Sasa mipango. Msifunge safari kabla ya kupiga simu kuuliza siku za onyesho na bei ya chakula. Bei ikiwazidi, msikope. Tazameni onyesho, kisha tokeni mkale viazi karai na mishkaki pale Mji wa Kale. Sherehe ya ndoa haipungui baraka kwa kuliwa barabarani. Vaa viatu vya chini, kwa kuwa ngome ni mawe na ngazi, na ubebe leso ya kujitanda upepo wa bahari ukianza.

Kutoka Hola, mpite Garsen na Malindi hadi Mombasa, ni safari ndefu. Ondokeni alfajiri, mlipie chumba mapema, na mrudi kesho yake. Mkiambiwa mnaweza kurudi usiku uo huo, kataeni. Msimu wa mvua, Tana ikifurika, ulizieni barabara kwanza. Watoto waachieni nyanya yao, nyinyi mpate kuzungumza kwa utulivu.

Jengo la kale likitengenezwa vizuri, kisha wenyeji wakaona haya kuingia, litabaki kuwa la wageni. Msione haya. Ingieni, ketini meza ya mbele, na mkirudi wahadithieni wanenu mliyoyaona.