Mita Moja, Mikoba Mitatu

Skuli zetu hufunguliwa mwezi wa Januari. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, lakini sare na mkoba vinabaki juu ya mzazi. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, mzazi wa Pemba huingia dukani Wete au Chake Chake na fedha mkononi. Lakini mikarafuu haizai sana kila mwaka. Ukija mwaka mbaya, watoto ni wale wale, na mikoba inahitajika ile ile.

Mkoba wa bei rahisi una maradhi yake. Unapendeza mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mkanda unang'oka. Mtoto anafunga fundo. Fundo linafunguka njiani, na madaftari yanaanguka katika tope. Kitambaa chenyewe bado kizima! Ukiuchunguza mkoba huo utaona kwamba mkanda ulishikwa kwa mshono mmoja tu. Basi katika somo hili tutashona mkoba wetu wenyewe, na mkanda ndio tutakaoushughulikia zaidi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walisuka ukili kwa ukindu, wakaushona ukili ukawa mikeka na mikoba. Wanawake wengi wa Pemba hushona kofia kwa mkono, na kofia ina vitundu vidogo mno vinavyotaka jicho na subira. Mkono ulioshona kofia hauwezi kushindwa na mkoba.

Kitambaa

Chagua kitambaa kizito cha pamba, kama kaki. Marekani nene pia inafaa, ila inaonyesha uchafu haraka. (Jina hilo limetokana na nchi ya Marekani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa huko walileta Unguja shehena nyingi za kitambaa hicho.) Suruali kuukuu ya kaki nayo ni mali. Miguu yake miwili inaweza kutoa mkoba mmoja, kama magoti hayajatoboka.

Ukinunua dukani, uliza upana wa kitambaa. Kaki nyingi zina upana wa karibu sentimita 150. Nunua mita moja na robo. Kwa nini robo ya ziada? Kwa sababu kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Kiloweke kwa usiku mmoja, kianike, kipige pasi, ndipo ukipime. Mtu akikata kabla ya kufua, mkoba utarudi baadaye na vitabu havitaingia.

Kupima

Usianze na mkasi. Anza na vitabu. Chukua kitabu kikubwa kuliko vyote vya mtoto wako, ukipime kwa futikamba. Tuseme upana wake ni sentimita 21 na urefu wake ni sentimita 30. Vitabu na madaftari ya siku moja yakipangwa pamoja yana unene wa sentimita 5.

Upana wa mkoba: 21 + 5 + 4 za nafasi = 30.
Urefu wa mkoba: 30 + 6 za nafasi = 36.

Hiyo ni kazi iliyokwisha kushonwa. Wakati wa kukata tunaongeza sehemu ya mshono. Upande wa kulia sentimita 2, na upande wa kushoto 2. Kwa hiyo tunakata upana wa 34. Mkoba ni kipande kimoja kilichokunjwa chini, hivyo urefu ni 36 mara mbili, yaani 72. Ongeza pindo la juu, sentimita 4 kila upande, tunapata 80. Andika katika daftari lako: kipande cha mkoba, 34 kwa 80.

Huna futikamba? Tumia vipimo vya wazee. Shubiri moja ya mtu mzima ni karibu sentimita 23, na dhiraa moja ni shubiri mbili. Lakini shubiri yangu si shubiri yako. Mpimaji awe mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kukata

Baada ya kufua, pima mita moja kamili ya urefu. Tandika kitambaa juu ya jamvi au meza, uchore kwa chaki kwanza. Kata baada ya kuchora vyote.

Chora vipande vitatu vya mikoba, kila kimoja 34 kwa 80, vikae ubavu kwa ubavu. Vinachukua upana wa 102. Pembeni vinabaki karibu sentimita 48. Hapo kata mikanda mitatu kwa kufuata urefu wa kitambaa, kila mmoja upana 10 na urefu 100. Usikate mikanda kwa kukingama. Nyuzi za urefu, zile zinazokwenda sambamba na ukingo usiofumuka, kwa kawaida ndizo zenye nguvu zaidi na hazivutiki sana.

Sasa tazama chini ya vipande vya mikoba. Kimebaki kipande cha upana 102 na urefu 20. Wengi hukitupa. Sisi tutakata humo vifuko vitatu vya kalamu, kila kimoja 24 kwa 20. Hiyo ni 72. Inabaki 30 kwa 20, ambayo inatoa viraka sita vya 10 kwa 10. Kila mkoba utapata viraka viwili, na muda si mrefu utaona kazi yake.

Kushona

Tumia uzi mnene, na uukunje uwe mara mbili. Upitishe juu ya nta au mshumaa ili usifumuke na upite kwa urahisi.

Pinda kwanza midomo miwili ya mkoba. Kunja sentimita 1, kisha 3, ushone. Halafu kunja kipande katikati, ndani kuwe nje. Piga bandi pande zote mbili ili kitambaa kisihame. Kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma. Toa sindano mbele, irudishe nyuma hadi ulipoishia, itoe tena mbele zaidi. Mshono huu ni wa polepole, lakini uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki. Bandi peke yake haitoshi kubeba vitabu. Ukimaliza, shona mstari wa pili karibu na ukingo, na uzungushie uzi ukingo wenyewe usichakae. Geuza mkoba, nje kuwe nje.

Mkanda unakunjwa mara nne. Kunja kingo mbili zikutane katikati, halafu kunja tena katikati. Upana wa 10 unakuwa sentimita 2 na nusu. Shona kingo zote mbili kwa urefu wote. Mkanda sasa una tabaka nne, na hauwezi kukata bega la mtoto kama kamba.

Sasa tumefika pale mikoba mingi inapofia. Pinda kingo za kiraka, ukiweke ndani ya mkoba juu kabisa, penye mshono wa ubavuni. Ncha ya mkanda iweke nje, mkabala na kiraka, ishuke sentimita 5 chini ya mdomo wa mkoba. Kiraka kinagawa uzito juu ya sehemu pana, badala ya kuuacha kwenye matundu machache ya sindano. Shona mraba kuzunguka ncha ya mkanda. Ndani ya mraba shona mistari miwili inayokatana, kama alama ya kuzidisha tunayoiandika katika hesabu. Rudia mara mbili. Fanya hivyo hivyo ubavu wa pili.

Hata mwenye cherehani ningemshauri sehemu hii aishone kwa mkono. Tabaka ni nyingi, na cherehani ndogo huvunja sindano. Tumia sindano nene, na vaa subana kidoleni.

Kabla ya kumpa mtoto, jaza mkoba vitabu vyote na uutundike kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi kagua matundu ya sindano. Yakiwa yamepanuka, ongeza mstari mmoja.

Kifuko cha kalamu ni kazi ya nusu saa. Pinda sentimita 2 kila upande mrefu wa kile kipande cha 24 kwa 20, kunja katikati, shona mbavu. Ndani unabaki urefu wa 20, na penseli mpya inaingia bila kukunja shingo. Rula ya sentimita 30 haingii. Iache mkobani. Weka kifungo kimoja, au kamba ya kufunga.

Mvua

Masika huanza Machi, na Pemba tunaijua mvua yake. Kaki hainyeshewi ikabaki kavu. Zamani wengine walifunga vitabu katika mfuko wa plastiki, lakini Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, na Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Tafuta mwavuli uliovunjika. Ng'oa kitambaa chake, shona mfuko wa ndani wenye mdomo wa kufunga kwa kamba. Mwavuli uliokufa bado unajua kuzuia maji, isipokuwa penye matundu.

Jina

Mikoba mitatu ya kitambaa kimoja itafanana, na watoto watagombana. Andika jina la kila mtoto kwa penseli upande wa ndani wa mdomo. Mwonyeshe mwalimu wa kisomo aone kama herufi zimekamilika. Kisha pita juu ya herufi hizo kwa uzi wa rangi, kwa mshono ule ule wa kurudi nyuma. Herufi zenye mistari iliyonyooka, kama A na M, ni rahisi. S inasumbua. Ishone kwa hatua fupi fupi.

Maswali na mazoezi

1. Kwa nini tunafua kitambaa kabla ya kukikata?
2. Kiraka cha ndani kinasaidia nini?
3. Mama ana watoto sita wa skuli. Anahitaji viraka vingapi? Anunue kitambaa mita ngapi?
4. Pima kitabu kikubwa cha mtoto wako. Andika upana na urefu wa kipande utakachokata.
5. Uliza dukani bei ya kaki, uzi na sindano. Jumlisha, ugawe kwa tatu. Linganisha na bei ya mkoba mmoja uliokwisha kushonwa.
6. Andika hapa jina utakalolishona: ______________