Kuku Mgeni Uani: Namna ya Kuwaunganisha Matembe na Kundi la Zamani

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kuchagua kuku wachanga walio salama, kuwatenga kwa muda unaofaa, na kuwaingiza katika kundi lake bila kuleta ugonjwa wala vita bandani.

Thamani halisi ya kuku mpya

Katika Kata ya Kashai, Manispaa ya Bukoba, nyumba zimekaribiana na viwanja si vikubwa, lakini kaya nyingi hufuga kuku wachache uani. Kuku hao ni kitoweo cha mgeni, mayai ya watoto, na akiba ya kuuzwa pale daftari la shule au dawa inapohitajika. Kundi likipungua, mwenye nyumba hununua matembe, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, ili kujaza nafasi.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mitetea wanane na jogoo mmoja. Jumamosi ananunua matembe wanne sokoni, na jioni hiyohiyo anawaingiza bandani. Wote wanaonekana wazima. Siku ya sita tembe mmoja anazubaa na kunya kinyesi cha kijani. Wiki ya pili inapokwisha, banda limebaki na kuku wawili. Mama huyu amepoteza fedha ya matembe wanne, na juu yake amepoteza kundi alilolilea kwa miaka miwili. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kuku maneno hayo hugeuka: mgeni akiingia bila utaratibu, mwenyeji ndiye anayeugua.

Kabla ya kutoa fedha

Sokoni, kuku waliotoka vijiji mbalimbali huweza kukaa katika tenga moja kutwa nzima, wakivuta hewa moja na kunywa maji ya chombo kimoja. Kwa hiyo ni bora kununua kutoka kwa mfugaji mmoja ambaye banda lake unaweza kuliona. Ukinunua vifaranga waliokuzwa kwa mwezi mmoja, wawe wa kienyeji au chotara kama Kuroiler na Sasso, mwombe muuzaji orodha ya chanjo walizopata na tarehe zake. Ulizia hasa chanjo za kideri (mdondo), Gumboro na ndui. Omba pia risiti au hati ndogo yenye jina lake, tarehe na idadi ya kuku.

Mtazame kila kuku peke yake. Macho yawe maangavu, pua ziwe kavu, manyoya ya sehemu ya haja yawe safi, na miguu isiwe na magamba yaliyofura. Fungua manyoya chini ya bawa uangalie chawa na utitiri. Kuku aliyeugua mafua akapona usimnunue hata akiuzwa kwa bei rahisi, kwa sababu anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wengine.

Nunua angalau wawili au watatu kwa pamoja. Tembe mmoja akiingia peke yake hubeba mashambulizi yote ya kundi.

Wiki tatu za kutengwa

Kideri huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo maana kuku aliyeonekana mzima siku ya kununuliwa anaweza kuanguka wiki inayofuata. Watenge wageni kwa siku 21. Kanuni hiyo imhusu pia kuku uliyepewa zawadi, na hata kuku wako mwenyewe uliyempeleka sokoni akarudi bila kuuzwa.

Wenye viwanja vidogo husema hawana nafasi ya banda la pili. Banda la pili si lazima. Tenga kubwa lililowekwa katika stoo au chini ya paa la upande wa pili wa nyumba linatosha, mradi hewa ipite na mvua isiingie. Wape wageni vyombo vyao vya chakula na maji. Kila siku wahudumie kwanza kuku wa zamani, kisha wageni. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe viatu. Kinyesi kinachonata kwenye kandambili kinatosha kuhamisha ugonjwa.

Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi nchini, na unyevu huo una madhara yake. Matandiko yaliyolowa huvilea vimelea vya koksidia, vinavyowaharisha damu kuku wachanga. Tandika maranda ya mbao yaliyokauka na uyaondoe yanapolowa.

Muda huu utumike pia kwa chanjo. Chanjo ya kideri aina ya I-2 hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, lakini bado inahitaji kuwekwa mahali penye ubaridi na kivuli. Kila kuku hupewa tone moja katika jicho moja, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka, kwa hiyo wachanjwe mapema, wageni na wenyeji pia. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Majirani wakichangia chupa moja na kuchanja siku moja, gharama hupungua na mtaa mzima hukingwa. Kumbuka kuwa chanjo haimponyi kuku ambaye tayari ni mgonjwa.

Kuonana kabla ya kugusana

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jambo ambalo wafugaji wengi walikuwa wameliona bila kulipa jina: kuku wana ngazi ya ukubwa. Mmoja humdonoa mwenzake, naye humdonoa aliye chini yake, na kila mmoja anajua mahali pake. Mgeni akiingia, ngazi hiyo huvurugika na lazima ipangwe upya. Madonozi machache ni ya kawaida. Kazi ya mfugaji ni kuzuia yasifikie damu.

Kwa sababu hiyo, usiwaunganishe matembe kabla hawajakaribia ukubwa wa wenyeji; kwa kawaida huwa na umri wa wiki 12 hadi 16. Siku 21 zikiisha na wote wakiwa wazima, lisogeze tenga lao karibu na banda, au gawanya banda kwa wavu, kwa muda wa wiki moja. Waonane, wasikilizane, wale pande mbili za wavu, lakini wasifikiane.

Siku ya kuwaunganisha

Chagua siku ambayo utakuwa nyumbani. Giza likiingia, wapandishe wageni juu ya kichanja pamoja na wenyeji, kwa kuwa kuku haoni vizuri gizani na hapigani. Kesho yake fika bandani alfajiri, maana ugomvi huanza mwanga unapotoka. Wafungulie mapema, uning'inize fungu la mchicha au majani ya kabichi ili wawe na kazi ya kufanya. Weka vyombo viwili au zaidi vya chakula na maji, mbali kimoja na kingine, asipatikane mbabe wa kuvilinda vyote. Simamisha ubao au tenga tupu ambalo mnyonge anaweza kujificha nyuma yake.

Banda lisijae kupita kiasi. Kuku watano kwa kila mita moja ya mraba ni kipimo chema. Usiwaunganishe wageni wakati kuna koo anayelea vifaranga, kwa kuwa huwashambulia vikali. Kundi huchukua wiki moja hadi tatu kutulia.

Ukiona damu, mwondoe majeruhi mara moja, kwa sababu rangi nyekundu huwavuta wengine kudonoa. Safisha kidonda, paka dawa ya zambarau (GV), umrudishe kitakapokauka. Kama mchokozi ni mmoja, mtenge yeye kwa siku tatu au nne. Akirudi hukuta ngazi imeshapangwa.

Chakula cha kundi mchanganyiko

Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi ya kujenga maganda ya mayai. Tembe akikila kwa muda mrefu, figo zake huweza kudhurika. Kwa hiyo wape wote chakula cha kuku wanaokua, kisha weka maganda yaliyosagwa katika chombo cha pembeni. Wanaotaga watayafuata wenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria huongeza protini, lakini wawe wakavu, wasio na ukungu wala mchanga. Ukitumia dawa yoyote, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe, nawe uzitimize.

Mambo yakiharibika

Kuku wakianza kupumua kwa shida, kupinda shingo, kulegea mabawa, kunya kijani au kufa ghafla, usiwapeleke sokoni kuwahi fedha. Hasara yako itakuwa hasara ya mtaa wote. Mjulishe ofisa mifugo wa kata. Waliokufa wasiliwe, wachomwe au wafukiwe katika shimo refu.

Kama muuzaji alikudanganya kuhusu umri, aina au chanjo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Risiti, orodha ya chanjo na picha za kuku siku uliyowapokea ndizo zitakazokusaidia kudai haki yako, kwanza kwa muuzaji mwenyewe, kisha kwa mamlaka husika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuku anayeonekana mzima atengwe kwa siku 21?
2. Katika kuhudumia makundi mawili, utaanza na lipi, na kwa nini?
3. Jirani amekupa tembe mmoja kwa shukrani. Taja hatua utakazochukua kabla hajalala bandani.
4. Je, ni majirani gani wanaoweza kuchangia nawe chupa moja ya chanjo? Waandike majina, kisha mpange siku.