Skrini ya Ufuatiliaji Inaponyamaza: Kutafuta Hitilafu Kati ya Zabbix na Hifadhidata

Programu ya ufuatiliaji kama Zabbix inaweza kuchunga seva, vifaa vya mtandao na hata vihisi joto vya majokofu ya chanjo, ambayo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sehemu yake inayokusanya vipimo ikishindwa kuingia kwenye hifadhidata, ukurasa wa wavuti unaweza kuendelea kufunguka ukionyesha vipimo vya zamani. Afisa wa zamu huona nyuzi 4 na kutulia, ilhali jokofu limezima tangu usiku. Kwa hiyo kitu cha kutazama kwanza ni saa ambayo kipimo kilipokewa, kisha kipimo chenyewe.

Saa hiyo ikiwa imesimama, fundi asikimbilie kuzima na kuwasha mashine. Huduma huweza kurudi kwa muda, lakini chanzo hubaki palepale. Afungue faili ya /var/log/zabbix/zabbix_server.log na kusoma mistari ya mwisho. Hifadhidata isipopatikana, Zabbix hujaribu tena kila baada ya sekunde 10 na kuandika humo. Kwa wanaotumia MySQL au MariaDB, mstari wa hitilafu huwa na namba, na namba hiyo huonyesha safari imekatikia wapi.

Namba 2005 ina maana kwamba jina la seva ya hifadhidata halikutambuliwa. Mara nyingi ni herufi iliyokosewa au huduma ya majina ya mtandao imelala. Namba 2003 ina maana kwamba seva haikufikiwa, na hapo fundi atazame tarakimu zinazofuata. Ikiwa ni 111, mashine ipo ila hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti 3306: huenda MySQL imezimika, au imewekwa isikilize anwani 127.0.0.1 pekee, kama inavyokuja kwenye Ubuntu. Ikiwa ni 110, hakuna jibu lolote lililorudi, basi uchunguzi uhamie kwenye nyaya, swichi na kanuni zinazozuia mawasiliano ya mtandao. Namba 1040 husema miunganisho imejaa; kikomo cha kawaida cha MySQL ni 151.

MySQL ikiwa imezimika, amri ya df -h ionyeshe kama diski imejaa, jambo la kawaida pale ambapo vipimo vya miaka vimelundikwa bila kufutwa. Hata hivyo, mtu asifute faili kwa mkono ndani ya /var/lib/mysql. Nafasi itapatikana, lakini hifadhidata yote inaweza kuharibika.

Namba inayosumbua zaidi ni 1045. Hapa mtandao ni mzima. Kilichokataliwa ni jina la mtumiaji au nenosiri. Zabbix huweka nenosiri la hifadhidata mahali pawili: zabbix_server.conf kwa sehemu inayokusanya vipimo, na zabbix.conf.php kwa ukurasa wa wavuti. Likibadilishwa kwenye hifadhidata na kwenye faili moja tu, nusu ya mfumo hufanya kazi na nusu hukwama. Isitoshe, MySQL huangalia mtumiaji anatoka wapi. Akaunti iliyoundwa kwa ajili ya localhost haitakubaliwa ikiwa hifadhidata imehamishiwa mashine nyingine, hata nenosiri likiwa sahihi.

Ndiyo maana jaribio lifanyike kwenye seva ya Zabbix yenyewe, si kwenye kompyuta ya ofisini, kwa amri ya mysql -h ikifuatwa na anwani, kisha -u zabbix -p. Likikubali hapo na Zabbix ikakataa, kosa limo kwenye faili ya mipangilio. (Picha ya faili hiyo isitumwe kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, nenosiri limeandikwa wazi humo.)

Baada ya kurekebisha zabbix_server.conf, huduma ya zabbix-server lazima iwashwe upya, kwa sababu faili hiyo husomwa huduma inapoanza. Kisha fundi asubiri dakika chache aone saa ya kipimo ikisonga.

Katika mipangilio ya jumla ya Zabbix kuna pia nafasi ya kuchagua kundi la watumiaji watakaopata ujumbe hifadhidata inapopotea. Kundi hilo liwe na maafisa wanaopokea simu usiku.