Ndege wa Hori Yetu

Ndugu wasomaji, darasa letu la leo twalianza mbali na bahari, huko Tabaka katika nchi ya Kisii, ambako watu huchimba jiwe laini na kulichonga. Tulipopita huko, fundi mmoja alitutolea picha ya ndege aliyeagizwa kumchonga, akatuuliza: "Sheikh, huyu ni ndege wa pwani kwenu. Husimamaje, na miguu yake ina urefu gani?" Tulitazama picha, tukanyamaza. Mtu wa bara atuuliza habari za pwani yetu, nasi hatuna jawabu! Hukumu ya sanamu ina mahali pake. Aibu yetu siku ile ilikuwa ya macho yasiyotazama.

Tuliporejea tulikwenda hori ya Mida, karibu na Watamu, tukamwona. Ni ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hutaga katika shimo alichimbalo mchangani, kwenye visiwa na fuo za Bahari ya Sham, Ghuba na Bahari ya Arabuni. Na yai lake, aghalabu, ni moja. Kisha huja kwetu, na mwanawe angali akilishwa na wazazi hata huku ugenini. Pamoja naye huwapo ndege wadogo waliozaliwa kaskazini mwa Siberia, ambao hurejea kwao yapata mwezi wa Aprili.

Suratun-Nuur, aya ya 41, yatufahamisha kuwa ndege wakunjuao mbawa nao wamsabihi Mola wao. Basi yafaa tuwapite kama mawe?

Mwenye kutaka kuwajua na ashike haya:

Kwanza, aende maji yakijaa, kwani maji huwafunika kaa na kuwasogeza ndege karibu na mikoko.

Pili, jua liwe mgongoni mwake, asimame kimya, aandike sifa za mdomo, miguu na mwendo.

Tatu, asiwashtue. Ndege hujiwekea mafuta mwilini kwa safari ndefu, na kila arukapo kwa khofu hupoteza akiba yake.

Wako vijana wetu wawatupiao mawe kwa mchezo tu, na wako wakatao mikoko ovyo. Ilhali tangu mwaka 2001 uko mpango wa shirika la A Rocha Kenya ambao kwao ada za wageni wajao kutazama ndege Mida husaidia karo za watoto wa sekondari wa jirani. Wageni walipa ili watazame; sisi tuliozaliwa hapa twatupa mawe. Hili si jambo la kunyamaziwa.

Kabla ya darasa lijalo, kila mzazi na amchukue mwanawe horini, alete sifa za ndege watatu. Nasi tumekwisha mpelekea fundi wa Tabaka jawabu lake.

Wabillahi tawfiq.