Mwanga wa Pleti na Mwanga wa Prufu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwasha Mashine

Ugomvi mwingi kati ya mteja na mchapaji huzuka siku ya kukabidhiana mzigo. Kadi za harusi zimetoka, na uso wa bibi harusi una wekundu ambao hakuzaliwa nao. Kalenda ya shule ina ukungu wa rangi pale palipopaswa kuwa peupe kabisa. Mteja anamlaumu fundi wa mashine, fundi naye analaumu wino au karatasi. Lakini mara nyingi kosa lilikuwa limeshatendeka kabla mashine haijawashwa, katika hatua mbili zinazotegemea mwanga: kuchoma pleti na kukagua prufu, yaani nakala ya majaribio anayoikubali mteja kabla ya kuchapa.

Pleti huharibiwa na mwanga usiopaswa kuifikia. Prufu husomwa vibaya pale inapokosa mwanga unaoistahili. Na wengi hawajui kwamba mwanga unaoilinda pleti ndio huohuo unaomdanganya mtu anayekagua prufu. Anayelielewa hilo, awe fundi wa kiwanda kidogo cha ofseti, mchapaji wa fulana au mteja aliyeleta kazi yake, ataokoa fedha na karatasi nyingi.

Kilichopo juu ya pleti

Pleti ya ofseti ni bamba la aluminiamu, kwa kawaida lenye unene wa kati ya milimita 0.15 na 0.30. Uso wake umekwaruzwa kitaalamu ili ushike maji. Juu yake pamepakwa utando mwembamba sana, mikroni moja au mbili tu, unaobadilika unapopigwa na mwanga. Pleti inapofungwa mashinini, aluminiamu iliyo wazi hushika maji na kuukataa wino, huku utando uliobaki ukishika wino na kuyakataa maji. Herufi na picha zote unazoziona kwenye kitabu au bango zimetokana na mgawanyo huo wa maji na mafuta.

Kazi ya mwanga ni kuamua utando ubaki wapi na utoke wapi. Kwenye pleti za pozitivu, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huigeuza kemikali ya utando iwe rahisi kuyeyuka kwenye developa yenye alkali. Palipopigwa mwanga panaoshwa, palipofunikwa na weusi wa filamu yenye picha panabaki. Kemikali za aina hii zilikuzwa na kampuni ya Kalle ya Wiesbaden, Ujerumani, iliyokuwa ikitengeneza karatasi za kunakili michoro ya uhandisi. Baadaye tando za ukoo huohuo zikatumika kuchora saketi ndogo za kompyuta. Fundi anayechoma pleti kwenye kichochoro cha River Road jijini Nairobi anatumia kemia ileile iliyojenga tasnia ya elektroniki.

Pleti za negativu hufanya kinyume: mwanga huugandisha utando, na sehemu zilizokaa gizani ndizo zinazooshwa. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu makosa yake nayo yanapishana. Pleti ya pozitivu ikichomwa kidogo mno, utando unabaki pasipotakiwa, na karatasi zinatoka na ukungu wa wino kwenye nyeupe. Ikichomwa kupita kiasi, nukta ndogo za picha zinaliwa, na sehemu laini kama mawingu au shela la bibi harusi zinapotea. Pleti ya negativu iliyochomwa kidogo mno ina picha dhaifu inayofutika kabla mzigo haujaisha, na iliyozidishiwa mwanga inanenepesha nukta hadi picha nzima inakuwa nzito. Kwa hiyo ukiona kasoro, swali la kwanza ni aina ya pleti. Ukiijua, utajua uongeze muda wa kuchoma au uupunguze.

Viwanda vyenye mashine ya CTP, yaani kutoka kompyuta moja kwa moja hadi pleti, havitumii tena filamu. Leza huandika moja kwa moja juu ya pleti. Pleti za joto huandikwa kwa leza ya infraredi yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 830, na nyingi huvumilia mwanga wa kawaida kwa muda fulani uliotajwa kwenye boksi. Pleti za leza ya urujuani, nanomita 405, ni nyepesi zaidi kuharibika na zinataka taa za njano. Usichukulie kwamba CTP zote ni sawa. Soma boksi.

Chumba cha njano

Pleti za kawaida huhisi urujuanimno na rangi ya buluu, lakini haziguswi na njano. Ndiyo maana chumba cha pleti huwekwa taa za njano. Taa nyeupe za mirija hutoa buluu na urujuanimno kiasi, na taa nyeupe za LED zina buluu ya kutosha kuleta madhara pleti ikikaa chini yake kwa muda mrefu. Jua ni baya zaidi. Miale inayopenya chini ya mlango au kuakisiwa na ukuta mweupe wa jirani inatosha kuiharibu pleti iliyoachwa wazi juu ya meza.

Kuna jaribio ambalo kila kiwanda kinaweza kulifanya bila gharama kubwa. Kata kipande cha pleti mpya, kiweke kwenye meza unayofanyia kazi, uweke sarafu mbili tatu juu yake. Kiache kwa dakika 20, taa na mapazia yakiwa kama kawaida ya kazi zenu. Kisha kipitishe kwenye developa bila kukichoma. Ukiona alama za sarafu, chumba chako kinachoma pleti bila ruhusa yako. Tafuta mwanga unakotokea, uuzibe, na urudie jaribio hadi sarafu zisiache alama.

Kama unayo pleti ya pozitivu iliyokaa sana stoo na una shaka nayo, kata kipande gizani ukipitishe kwenye developa bila kukipiga mwanga wowote. Utando ukipauka au kutoka, pleti hizo zimeshaharibika na hazifai kwa kazi ya mteja. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina joto na unyevu, hifadhi inataka uangalifu wa ziada: mahali pakavu, mbali na bati la paa na ukuta unaopigwa na jua la mchana, pleti zikiwa bado kwenye karatasi zake za kutenganishia. Ukilitoa boksi kwenye chumba chenye kiyoyozi, subiri lizoee joto la kiwandani kabla ya kulifungua, la sivyo mvuke utaganda juu ya utando.

Muda wa kuchoma haukisiwi kwa jicho. Taa ya mashine ya kuchomea huzeeka, na uzee wake huanzia kwenye urujuanimno, mahali ambapo jicho halioni. Taa inaweza kung'aa kama mpya huku nguvu yake ya kuchoma imepungua sana. Umbali nao una hesabu yake: ukiisogeza taa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaoifikia pleti haubaki nusu, unabaki robo. Kipimo cha kutegemewa ni ukanda wa ngazi, kipande cha filamu chenye vyumba 21 vinavyozidiana weusi. Kwenye ukanda wa kawaida, kila ngazi mbili ni sawa na kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu. Uchome pembeni ya pleti, uoshe, kisha uangalie ni ngazi ipi iliyobaki na ulinganishe na ile iliyotajwa na mtengenezaji. Gharama yake ni ndogo kuliko rimu moja ya karatasi iliyoharibika, na kwa maoni yangu fundi wa pleti asiye na ukanda huo hajakamilisha zana zake.

Hakikisha pia filamu imelaliana kabisa na pleti, upande wenye picha ukitazama chini, na vakumu imefyonza hewa yote. Penye hewa, mwanga hupenya kando ya nukta na picha hupoteza makali yake. Safisha kioo kila unapochoma, maana punje ya vumbi huchapwa kwenye kila nakala.

Pleti ikishaoshwa, ipakwe gamu kabla ya kukaa. Gamu arabiki ni utomvu wa miti jamii ya mgunga, na Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu duniani. Hulinda aluminiamu isishike kutu wala mafuta ya vidole.

Prufu ni ahadi

Zamani njia ya kawaida ya kumwonyesha mteja rangi zitakavyokuwa ilikuwa kuchapa nakala chache kwenye mashine yenyewe, kazi ya gharama. Mwaka 1972 kampuni ya DuPont ilileta Cromalin, mbinu ya kutengeneza prufu kwa mwanga. Karatasi nyeupe hulamishwa kwa utando unaonata. Ikichomwa kwa urujuanimno chini ya filamu ya pozitivu, palipopigwa mwanga panakauka na palipofunikwa panaendelea kunata. Hapo unapakwa unga wa rangi, nao hushika penye kunata tu. Kazi hurudiwa mara nne, siani, majenta, manjano na nyeusi, hadi picha kamili inatokea.

Siku hizi prufu nyingi hutoka kwenye printa ya wino. Ni rahisi na haraka, ila kuna ulinzi mmoja tulioupoteza. Cromalin ilitengenezwa kwa filamu zilezile zitakazochoma pleti, kwa hiyo kilichoonekana kwenye prufu ndicho kilichoingia kwenye pleti. Sasa faili linaweza kurekebishwa baada ya prufu kusainiwa, na mteja asijue. Mteja, dai jina la faili na tarehe viandikwe kwenye prufu. Kikibadilika chochote, hata tarakimu moja ya namba ya simu, dai prufu mpya. Kwa kazi kubwa, uliza kama prufu imetengenezwa kwa kiwango cha ISO 12647-7 na kama ina ukanda wa rangi wa kupimia. Isipokuwa nao, hiyo ni picha ya kuangalia mpangilio wa kurasa tu, usiitumie kuhukumu rangi.

Usikague prufu katika chumba cha pleti. Chini ya taa ya njano, wino wa manjano kwenye karatasi nyeupe karibu unatoweka, na buluu inakuwa giza. Ofisi yenye taa zenye wekundu nayo hudanganya, kwani rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Viwanda makini hukagua chini ya taa za nyuzi 5,000 za Kelvin, kwa kufuata kiwango cha ISO 3664. Kama huna, sogea karibu na dirisha mchana wa kweupe, kivulini, jua lisipige karatasi moja kwa moja, mbali na kuta zilizopakwa rangi kali. Prufu na karatasi iliyotoka mashinini zilinganishwe mahali hapohapo, chini ya mwanga uleule. Halafu prufu irudi kwenye bahasha, kwa sababu jua huipausha.

Anzia kwenye nyuso za watu. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hujengwa kwa rangi zote nne, na uwiano ukiyumba kidogo tu uso huwa wa kijani kama wa mgonjwa, au wekundu unazidi, au maumbo ya uso yanazama kwenye giza na kubaki macho na meno. Mtu anayekufahamu angekutambua kwenye karatasi hiyo? Kama jibu ni hapana, prufu irudi. Kisha angalia bendera na nembo. Buluu ya bendera ya Tanzania hugeuka zambarau majenta ikizidi. Mwisho angalia nyeupe kama ni nyeupe, na nyeusi ya maandishi kama ina makali.

Na tafadhali, usikubali rangi kwa picha ya WhatsApp. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi huakisi mwanga wa mahali ilipo. Simu itakusaidia kukagua tahajia na tarehe. Rangi kaiangalie kwenye karatasi.

Kemikali na afya ya fundi

Developa ya pleti ni alkali kali. Vaa glavu na miwani, na usiimwage mtaroni. Usitazame taa ya kuchomea, kwa sababu urujuanimno hujeruhi macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Pleti zilizotumika ziuzwe kwa wanunuzi wa aluminiamu: kuiyeyusha upya kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko kwenye unga wa rangi ya chungwa uitwao daikromati, wa potasiamu au wa amoniamu. Mskochi Mungo Ponton aligundua mwaka 1839 kwamba karatasi yenye daikromati huhisi mwanga, na kwa zaidi ya karne moja wachapaji waliichanganya na gundi, gelatini au ute wa yai ili kutengeneza pleti. Bado wapo wanaoitumia kwenye emalsheni (utando unaohisi mwanga) ya skrini za kuchapia fulana kwa sababu ni rahisi na huchoma haraka. Kromiamu iliyomo husababisha saratani, hutoboa vidonda kwenye ngozi, na vumbi lake huharibu pua na mapafu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake bila kibali maalumu kuanzia tarehe 21 Septemba 2017.

Emalsheni za diazo na za fotopolima zinafanya kazi hiyohiyo bila sumu ya kromiamu. Kama unachapa fulana kwenye uwanja wa nyumba yenu, watoto wakicheza karibu, nunua hizo. Na muuzaji akikupa unga wa chungwa kwenye mfuko usio na lebo, mrudishie.