Kumsaidia Mtu Mwenye Ugonjwa wa Kulimbikiza Vitu: Mwongozo kwa Kaya za Kigobe, Bujumbura

Ugonjwa wa kulimbikiza vitu umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Si uvivu wala uchafu. Hapa "mhusika" ni mwenye ugonjwa. "Rundo" ni vitu vinavyozuia chumba kufanya kazi yake. "Njia" ni sakafu tupu yenye upana wa sm 90.

Andaa: futi ya kupimia, makasha 3, kalamu ya wino mzito, glavu, barakoa, daftari na simu yenye kamera. Fuata hatua kwa mpangilio.

1. Tofautisha akiba na ugonjwa. Mafuta yakiadimika Bujumbura, watu huweka madumu. Hiyo ni akiba. Jiulize: Je, mhusika huumia sana akitakiwa kuachana hata na gazeti kuukuu? Je, kitanda, jiko au bafu havitumiki kwa sababu ya rundo? Je, hali imedumu? Majibu yote yakiwa ndiyo, nenda hatua ya 2.

2. Omba ruhusa ya mhusika mwenyewe. Akikataa, usiingie, rudi siku nyingine. Usiitishe majirani wa kazi za pamoja za Jumamosi, wala nyumbakumi, wafagie nyumba. Hata kwa nia njema, kuondolewa vitu kwa nguvu humvunja mhusika, humfanya afunge mlango, na mara nyingi nyumba hujaa tena.

3. Pima kila chumba. Piga picha kwa idhini yake, kisha zilinganishe na picha 9 za kipimo cha watafiti Frost na Steketee. Chumba kinachofanana na picha ya 4 au zaidi kinahitaji msaada. Andika namba daftarini.

4. Ondoa hatari kabla ya jambo lingine lolote. Toa nje petroli iliyo ndani ya nyumba. Sogeza karatasi na nguo angalau mita 1 kutoka jiko la makaa. Fungua njia kutoka kitandani hadi mlangoni. Huko New York mwaka 1947, Langley Collyer alifukiwa na vitu vyake mwenyewe, na Homer, kaka yake asiyeona aliyemtegemea, akafa njaa. Hakiki: pitisha futi njia nzima, pasipofika sm 90, rudia.

5. Chagua eneo la mita 1 kwa 1, si chumba kizima. Andika kwenye makasha: BAKI, TOA, BADO. Mhusika ndiye anayeshika kila kitu na kuamua, wewe uliza tu, "Mama, hiki kiende wapi?" Akinyamaza, subiri. Akilia, simama. Usitupe kitu kisirisiri, hata kopo tupu: akigundua, imani yote imekwisha. Maliza baada ya dakika 45. Hakiki: kasha la TOA limeondoka siku hiyohiyo, mbele yake.

6. Mpeleke kwa wataalamu, kwa mfano kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Beba daftari. Kama ulimbikizaji umeanza ghafla uzeeni, sema hivyo: daktari achunguze ubongo na kumbukumbu.

7. Kagua kila mwezi, kwa ruhusa. Rudia hatua ya 3, linganisha namba. Ikipanda, rudi hatua ya 4. Ikishuka, mwonyeshe mhusika daftari alisome mwenyewe.