Ukigongwa Barabara ya Kusini, Usikubali Kumalizana Haraka

Wengi wanaotumia barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara hawana gari. Wako ndani ya basi, nyuma ya bodaboda, au wanavuka kwa miguu pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Likitajwa neno bima, huona ni shughuli ya wenye magari. Kumbe Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, imewalenga hasa wao. Kila mwenye chombo cha moto barabarani, pikipiki na bajaji zikiwemo, lazima awe na bima ndogo angalau. Bima hiyo haitengenezi gari la aliyeikata. Humfidia aliyeumizwa nalo. Anayetaka na gari lake litengenezwe hukata bima kubwa.

Ajali ikitokea, majeruhi kwanza. Aliye mahututi akimbizwe hospitali ya Kinyonga, au ya Sokoine ikiwa mko karibu na Lindi mjini. Fomu ya polisi ya PF3 inaweza kufuata nyuma. Ila ifuate kweli. Asiye na PF3 atahangaika sana baadaye kuonyesha kuwa mguu wake ulivunjwa na gari na si na mnazi. Matawi ya kutahadharisha wengine yawekwe mbali na ajali, pande zote mbili, na yaondolewe kazi ikiisha. Polisi wanapatikana kwa namba 112.

Kabla magari hayajasogezwa, piga picha: namba za usajili, yalivyosimama, alama za matairi, hali ya barabara. Andika jina la dereva na namba ya leseni yake. Ukiwa abiria, tunza tiketi. Mashahidi nao wachague kwa akili. Abiria wenzako jioni watakuwa Mtwara na hutawaona tena, lakini muuza mihogo wa kando ya barabara kesho yupo pale pale. Chukua namba yake ya simu.

Halafu litakuja neno la hatari kuliko yote: “tumalizane”. Kituo cha polisi kiko mbali, jua kali, dereva anaogopa kesi, mwendesha boda ana hesabu ya kupeleka jioni. Zinatolewa laki mbili, karatasi inasainiwa mbele ya mjumbe, watu wanapeana mikono. Usiku goti linavimba, na wiki ya pili daktari anasema upasuaji. Kwa kampuni ya bima, ajali ambayo polisi hawaijui ni hadithi tu, na ile karatasi yako inaweza kutumiwa dhidi yako. Dereva naye ajihadhari: mikataba ya bima kwa kawaida humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Kumbeba majeruhi na kumpa pole si kukiri kosa.

Trafiki akifika atachora ramani ya eneo la ajali. Mkaguzi wa magari atajaza PF93 kuhusu hali ya chombo, na upelelezi ukikamilika hutoka PF90, taarifa ya polisi. Omba namba ya jalada siku hiyo hiyo. Dereva akishtakiwa, fuatilia kesi mpaka upate nakala ya hukumu, maana madai mengi ya waliogongwa hukwama kwa kuikosa. Kama mtu amefariki, familia itahitaji pia cheti cha kifo na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.

Mwenye gari aiarifu kampuni mara moja, kwa maandishi, wala asilipeleke gereji kabla ya mkadiriaji kuliona. Akumbuke pia kwamba ng'ombe akikatiza giza linapoingia, mwenye bima ndogo atanyoosha boneti kwa pesa yake. Mafuriko ni hivyo hivyo. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hii upande wa Somanga. Gari likisombwa namna ile, bima ndogo haihusiki kabisa, na hata mwenye bima kubwa asome kama mafuriko yamo kwenye mkataba wake.

Hujui gari lililokugonga limekatiwa bima wapi? Namba ya usajili inatosha kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kampuni ikikuzungusha, iandikie malalamiko na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Isipojibu, au jibu lisipokuridhisha, peleka nakala hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye hatozi mlalamikaji ada. Mahakama nayo ipo, ila madai ya fidia ya namna hii yafunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.